Ruta inawaka lakini intaneti hakuna: jinsi ya kujua tatizo liko wapi

Swali hili linatufikia studio karibu kila wiki, kwa ujumbe mfupi na kwa simu za kipindi cha asubuhi. Ruta imewaka taa, simu inaonyesha alama ya Wi-Fi, lakini ukifungua WhatsApp kinazunguka tu kiduara. Zamani lilikuwa swali la watu wa mjini. Siku hizi ruta ndogo ya kutumia laini utaikuta kwenye steshenari ya kijijini, kwa wakala wa pesa, shuleni, kwenye zahanati, na kwenye nyumba ya kawaida ambayo mtoto mmoja yuko chuo na anasoma kwa simu.

Ikikatika, hasara yake si ya kukosa video. Msikilizaji wetu mmoja mwenye steshenari alitupigia wakati wa kuomba mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Maombi hayo hujazwa kwenye mfumo wa intaneti wa Bodi ya Mikopo, na dirisha likifungwa limefungwa. Vijana walikuwa wamepanga foleni na vyeti vyao mkononi. Alimwita fundi, fundi akabonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma ya ruta kwa kijiti cha kiberiti, na baada ya hapo hata jina la Wi-Fi waliyoizoea likapotea. Siku mbili zikaenda. Mwishowe ikaonekana kwamba bando lilikuwa limeisha tangu usiku wa siku ya kwanza.

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya hali kama hiyo. Tunazungumzia zaidi ruta inayotumia laini ya simu, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wasikilizaji wetu wengi. Wenye waya wa faiba tutawagusa kidogo.

Wi-Fi si intaneti

Tukianza na hili, mengine yatakuwa mepesi. Wi-Fi ni njia fupi kati ya simu yako na ruta, ya hatua chache ndani ya nyumba. Intaneti inatoka mbali: kutoka ruta hadi mnara, kutoka mnara hadi mitambo ya kampuni ya simu, na kutoka hapo hadi nchi nyingine. Alama ya Wi-Fi kwenye simu inakuambia kwamba ile njia fupi tu ndiyo nzima. Ni kama ndoo na bomba. Ndoo ipo chini ya bomba, imekaa vizuri, lakini kama maji yamekatika huko kwenye tangi, ndoo haina kosa.

Kwa hiyo ukiona simu imeandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, imekusaidia sana. Imekuambia usihangaike na neno la siri wala na simu yenyewe. Angalia upande wa pili wa ruta.

Na kinyume chake: simu isipoliona kabisa jina la Wi-Fi, au ikilikataa neno la siri, usiwapigie kampuni ya simu kwanza. Tatizo liko humo ndani.

Kabla ya kupima chochote, zima data ya simu yako. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti zinahamia kimya kimya kwenye bando la simu. Utadhani ruta imepona, kumbe unakula vocha yako mwenyewe.

Jaribu na simu ya pili

Hiki ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote na watu wengi hukiruka. Chukua simu ya mtu mwingine, iunganishe na Wi-Fi ileile. Ikifanya kazi, ruta ni nzima na mnara ni mzima, shida ni simu yako.

Kwenye simu yenye shida, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, sahau ule mtandao, kisha ujiunge upya kwa kuandika neno la siri taratibu. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na sifuri si herufi O. Angalia pia tarehe ya simu. Simu iliyozimika muda mrefu ikarudi na tarehe ya miaka ya nyuma itakataa kufungua kurasa nyingi, kwa sababu vyeti vya usalama vya kurasa hizo vina tarehe zake na simu inaona havilingani.

Jambo jingine linalowachanganya watu: ruta nyingi mpya hutoa majina mawili ya Wi-Fi, moja likiishia na 5G. Hiyo 5G haina uhusiano wowote na mnara wa 5G. Ni aina ya mawimbi ya Wi-Fi ambayo yana kasi zaidi lakini hayapenyi ukuta vizuri, na simu nyingi za zamani haziyaoni kabisa. Ukiwa chumba cha tatu au uani, tumia lile jina la kawaida. Na kama ruta yako ni ile ndogo ya kubeba mfukoni, kumbuka ina ukomo wa simu inazopokea kwa wakati mmoja. Ikijaa, anayefuata anakataliwa hata akiwa na neno la siri sahihi.

Simu zote zikikataa, hamia kwenye ruta.

Umeme unaoingia kwenye ruta

Hapa kijijini tunashauri uanze na adapta. Taa ya ruta kuwaka haimaanishi umeme unatosha. Umeme ukiwa mdogo, ruta huwaka, huzima, huwaka tena, au huwaka ikashindwa kushika mnara, maana kuwasiliana na mnara ndiko kunakokula nguvu nyingi.

Adapta ya ruta ikiungua, mtu huchukua ya king'amuzi kwa sababu pini inaingia. Kuingia kwa pini si hoja. Soma maandishi madogo kwenye adapta na nyuma ya ruta. Namba ya V lazima ilingane: ruta ya 12V ipewe 12V, ya 9V ipewe 9V. Namba ya A kwenye adapta iwe sawa au kubwa kuliko ile ya ruta, isiwe ndogo. Kichoro cha alama ya kujumlisha na kutoa kilichopo karibu na pini nacho kilingane. Ukiweka 12V kwenye ruta ya 5V unaweza kuiua papo hapo.

Wenye sola wana mtego wao. Betri tunayoiita ya volti 12, ikiwa inachajiwa mchana, hupanda hadi zaidi ya volti 14. Kuifunga ruta moja kwa moja kwenye betri hiyo ni kuiweka hatarini kila siku jua likiwaka. Kuna kifaa kidogo cha kushusha na kutuliza volti, mafundi wa sola wanakifahamu. Kinunue, ni nafuu kuliko ruta.

Zima, subiri, washa

Sasa chomoa ruta kwenye umeme. Ikiwa ina betri ndani, izime kabisa. Subiri dakika moja nzima. Iwashe, halafu usiiguse kwa dakika tatu.

Huu si ushirikina wa mafundi. Ruta ni kompyuta ndogo. Ikikaa wiki nyingi bila kupumzika, kumbukumbu yake hujaa na mawasiliano yake na mnara yanaweza kubaki yamekwama, hasa baada ya mnara wenyewe kuzimika na kurudi. Ukiizima, inaanza upya na kujitambulisha upya kwenye mnara.

Lakini tofautisha kuzima na kuwasha na kile kitufe kilichoandikwa RESET, ambacho huwa kwenye kitundu cha kuingiza pini. Kitufe hicho kinafuta kila kitu ulichoweka: jina la Wi-Fi, neno la siri, na mipangilio ya mtandao. Ruta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Hakirudishi bando, hakijengi mnara, hakiponyi laini iliyofungwa. Sisi tunakiweka mwisho kabisa, na hata hapo baada ya kupiga picha ile karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, yenye jina na neno la siri la kiwandani. Piga picha hiyo leo, kabla haijafutika kwa vumbi na jasho la mikono.

Bando: mshukiwa wa kwanza

Kwa uzoefu wa simu tunazopokea, bando ndilo linaloongoza. Ugumu ni kwamba laini iko ndani ya ruta, na ujumbe wa kampuni kwamba kifurushi kimeisha unaingia huko huko, hakuna anayeusoma.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua ukurasa wa ruta yenyewe. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya ruta, andika kwenye kivinjari namba iliyopo kwenye ile karatasi ya chini. Mara nyingi ni 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1. Ukurasa huo unafunguka hata kama intaneti haipo, kwa sababu unatoka ndani ya ruta. Humo ruta nyingi zina sehemu ya ujumbe mfupi, na utakuta barua zako zote zinakungoja. Njia ya pili ni kuzima ruta, kutoa laini, kuiweka kwenye simu na kuangalia salio kama kawaida. Baadhi ya laini za ofa ya ruta zimefungiwa kwenye ruta husika na hazitatoa intaneti kwenye simu. Hilo likitokea usidhani laini imekufa.

Wasikilizaji wengi hulalamika kwamba wameibiwa bando: "Niliweka GB 10 jioni, asubuhi hakuna." Malalamiko mengine huwa ya kweli na yapelekwe kunakohusika. Lakini mara nyingi mlaji yuko ndani ya nyumba. Simu janja ikiwa kwenye Wi-Fi inadhani iko kwenye mtandao usio na kipimo. Ndipo inapoamua kusasisha programu zote, kupandisha picha na video zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kupakua kila video iliyotumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Simu nne za wageni zikilala hapo usiku mmoja, GB 10 ni kidogo.

Dawa ipo. Kwenye simu za Android, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao wako, tafuta sehemu ya matumizi ya data, uchague kwamba mtandao huo unapimwa. Kuanzia hapo simu itauheshimu kama inavyoheshimu bando la laini. Kwenye WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa video wakati wa Wi-Fi. Na badilisha neno la siri mara moja moja. Ukimpa kijana mmoja wa jirani, umewapa wote.

Angalia pia aina ya bando. Vipo vifurushi vya usiku tu, vya mitandao ya kijamii tu, na vya simu ambavyo havikubali kutumika kwenye ruta. Soma masharti kabla ya kulipa.

Laini yenyewe

Bando lipo na bado hakuna kitu? Itazame laini. Ruta nyingi zina tundu la laini kubwa kuliko za simu za sasa, watu wanaongeza kipande cha plastiki, laini inacheza au inakwama. Izime ruta kwanza, itoe, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe kwa upande sahihi.

Kama laini ilikuwa kwenye simu na iliwekewa PIN, ruta itaisubiri PIN hiyo. Iingize kwenye ukurasa wa ruta, au irudishe laini kwenye simu uiondoe PIN. Ukikosea mara tatu itadai PUK, na PUK ukiikosea mara 10 laini hiyo imekwisha. Usibahatishe.

Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mtu unayemfahamu na anayepatikana. Tumeshasikia habari nyingi za ruta zilizonunuliwa pamoja na laini ya muuzaji, na siku laini inapofungwa mwenye alama ya vidole hajulikani aliko. Ukipiga *106# unaweza kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Baada ya kubadilisha laini ya kampuni moja kwenda nyingine, kuna mambo mawili ya kukagua. Moja, ruta inaweza kuwa imefungwa kwa kampuni iliyoiuza, na laini ya mwingine haitakubali. Mbili, kuna kitu kinaitwa APN, yaani jina la mlango ambao ruta inapitia kuingia kwenye intaneti ya kampuni. Kila kampuni ina la kwake. Mara nyingi hujiweka lenyewe, lakini lisipojiweka ruta itashika mnara vizuri kabisa na intaneti isije. Piga huduma kwa wateja, waambie wakutajie APN, uiandike kwenye ukurasa wa ruta. Hata baada ya kubonyeza RESET hili huweza kuhitajika upya.

Mnara na bati

Ruta ya 4G isiyo na njia ya kurudi kwenye 3G inaweza kukosa kabisa mahali ambapo simu yako inapiga na kupokea vizuri. Kupiga simu kunawezekana hata kwa mawimbi ya 2G. Kwa hiyo chukua simu yenye laini ya kampuni ileile, simama pale ilipo ruta, washa data, tazama juu ya kioo. Ikiandika 4G au LTE, mnara unafika. Ikiandika E, H au 3G, basi ruta inanyanyasika.

Nyumba zetu zina bati, na bati ni adui wa mawimbi. Ruta iliyowekwa juu ya kabati karibu na dari ya bati, au nyuma ya televisheni, au kwenye kona ya ndani yenye kuta za tofali pande zote, inafanya kazi ikiwa imefunikwa macho. Tangi la maji nalo linazuia. Ipeleke kwenye dirisha linaloelekea mnara, isiguse nondo za dirisha, isipigwe na jua moja kwa moja kwa sababu joto nalo linaipunguza nguvu. Isogeze hatua mbili, subiri dakika mbili, pima. Isogeze tena. Ukurasa wa ruta unaweza kukuonyesha namba inayoitwa RSRP, yenye alama ya kutoa mbele. Ikiwa -85 uko vizuri. Ikiwa -115 unapambana. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mnara unavyosikika vizuri zaidi.

Ikiwa intaneti inakuja asubuhi na kufa saa moja jioni hadi saa nne usiku, ruta haina kosa. Ni saa ambazo kijiji kizima kimerudi nyumbani na mnara mmoja unagawana watu wote. Pakua unachohitaji alfajiri.

Mnara nao huzimika. Minara mingi ya vijijini inategemea betri, sola au jenereta, na mafuta yakichelewa unakosa wewe na jirani. Waulize majirani wa kampuni ileile kabla hujafungua bisibisi.

Wenye faiba

Kwenye kisanduku cha faiba kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga wa kwenye waya haufiki kwako: waya umekatika njiani, umekunjwa sana, au umechomoka. Hakuna utakachobonyeza kitakachosaidia. Usiukunje waya huo, usiuangalie kwa jicho ncha yake, piga simu waje.

Siku tatizo liko baharini

Kuna siku kila kitu kwako ni kizima. Mei 12, 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora au kupotea Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na kwingineko. Siku ile watu walibonyeza RESET nchi nzima. Ukiona mtandao umekwama ghafla, piga simu ya kawaida kwa ndugu aliye mkoa mwingine, au sikiliza taarifa ya habari. Kama kwake nako hakuna, kunja mikono.

Ukipiga huduma kwa wateja

Kwa kampuni za simu za Tanzania namba ni 100. Usianze na "intaneti haifanyi kazi", maana utajibiwa uzime na kuwasha. Sema ulichokwisha kufanya: "Bando lipo, nimejaribu simu tatu, nimeshazima na kuwasha, taa ya mtandao ni nyekundu, simu yenye laini yenu hapa inashika 4G." Taja kijiji na kata, na namba ya laini iliyo ndani ya ruta, si ya simu unayopigia. Omba namba ya malalamiko na uiandike. Usiporidhika na majibu, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na hapo namba ile ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Anayekupigia yeye, akijiita mtu wa mtandao na kutaka PIN au namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe ili "akurekebishie ruta", mkatie. Mfanyakazi wa kweli haiulizi. Namba yake itume kwa ujumbe kwenda 15040.

Na wakati wa radi chomoa ruta pamoja na antena ya nje kama unayo.